Maboga ya Mbao na Watoto wa Ihanja

Siku ya kwanza kuingia kazini nilivaa kaptula mpya iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila mimi, na mfukoni nilikuwa na cheti changu cha shule ya usiku. Nilikuwa nimesoma kwa mwanga wa chemli hadi nyusi zikaungua, na niliamini kwamba kati ya Manyoni na Shelui hapakuwa na msomi wa kunizidi, ukiwatoa mapadri. Kiwanda cha chapa cha misheni kilikuwa nyumba ndefu ya mawe pembeni mwa mji wa Singida. Ndani palinuka wino na mafuta ya taa. Fundi Mkuu, mzee wa Kinyamwezi kutoka Tabora, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akanisogeza mbele ya ukurasa uliopangwa kwa herufi za madini ya risasi, akaniambia nisome.

Niliinama, nikatazama, nikazunguka upande wa pili. Sikuona neno hata moja ninalolijua. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba lugha hiyo sisi hatukufundishwa.

"Ni Kiswahili," alisema. "Wewe umetoka shule ya usiku. Hapa ni shule ya kinyume."

Ninyi vijana mnaobonyeza kitufe karatasi ikatoka imejaa maneno, hebu nisikilizeni. Herufi ya kuchapia huchongwa kigeugeu, kama uso kwenye kioo, ili ikishapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi itoke sawasawa. Mpanga chapa aliziokota moja moja kutoka kwenye kasha lenye vyumba vyumba, akazipanga kwenye kijibao cha chuma cha mkononi tulichokiita stiki, na alizisoma zikiwa kichwa chini. Mistari ikikamilika iliwekwa ndani ya fremu ya chuma, ikabanwa kwa kabari mpaka ukurasa mzima uweze kuinuliwa kama sinia. Usipobana vizuri, ukurasa unamwagika sakafuni, na hapo utatumia siku nzima kuokota mbegu za risasi kama kuku. Nilipokuwa nimezoea, niliweza kusoma Injili kichwa chini upesi kuliko Katekista alivyoisoma kichwa juu. Mke wangu alilalamika kwamba hata chakula nilikitazama kwa kukigeuza.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa kupanga. Nilianza kuwa mwosha rola, yaani yule anayesugua magogo ya kupakia wino kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Kisha nikapandishwa kuwa mpanga chapa msaidizi. Na kwa kuwa nilikuwa na miguu ya kupiga baiskeli, niliongezewa cheo cha mbandikaji, wa kupeleka matangazo njia ya Ikungi mpaka Ihanja, kwetu. Fundi Mkuu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kwake nilikuwa "wewe Ihanja" tangu siku ya kwanza hadi siku alipostaafu.

Sasa nifike kwenye Maboga.

Katika kona ya kiwanda kulikuwa na kasha kubwa lililokuja na meli, kisha treni, kisha lori, na ndani yake mlikuwa na herufi za mbao. Herufi za risasi zikiwa kubwa sana huwa nzito kama jiwe la kusagia, kwa hiyo za matangazo huchongwa kwa mbao ngumu. Jina lao la Kizungu lilikuwa limeandikwa kwenye mfuniko, na hakuna aliyejisumbua kulitamka. Sisi tuliziita Maboga. Zote zilikuwa nene, za mviringo, bila kona hata moja, utadhani zilisuguliwa mtoni tangu Nuhu. O ilikuwa na tundu dogo katikati kama jicho la paka aliyeshiba. B ilikuwa na matumbo mawili, la chini limelalia ardhi. S ilikuwa kama nyoka moma aliyemeza sungura akashindwa kuondoka. Ukizipanga kwa mstari zilikaa kama wakwe waliokwisha kula, wanaegemeana na kusubiri chai.

Zilikuwa na tabia zao, na tabia hizo ndizo kazi yenyewe. Maboga hayakupenda kusema sana. Ukiyapa sentensi ndefu yanakuwa kelele, kama watu kumi wanaocheka chumba kimoja. Neno moja, mawili, basi, na uyaachie karatasi nyeupe pembeni yapumue. Yalikunywa wino kuliko herufi yoyote. Hayakuoshwa kwa maji hata kidogo, maana mbao ikivimba herufi inapanda juu kuliko wenzake na kutoboa karatasi. Wakati wa masika tuliyafunika kwa gunia kama ndama. Tuliyatumia kwa gulio, chai, sabuni, mpira wa miguu, sikukuu za shule, na harusi za watu wenye ng'ombe wengi.

Tulikuwa na herufi nyingine kubwa, za risasi, nyembamba, nyeusi, zilizosimama wima zimebanana. Hizo zilikuwa za serikali. Kodi, amri ya kupunguza mifugo, wito wa barazani, na wakati wa vita, wito wa watu wa kwenda kazi za lazima. Sisi kiwandani tuliziita Nyembamba. Watu wa vijijini waliziita Meno.

Hilo nililijua nikiwa mbandikaji. Gundi yetu ilikuwa uji wa unga wa uwele, kwa hiyo kila nilipobandika tangazo ilinibidi kupigana na mbuzi. Siku moja sokoni Ikungi, kabla sijashuka kwenye baiskeli, mzee mmoja aliyekuwa anauza kamba aliniita kutoka mbali.

"Kijana, leo umeleta meno au maboga?"

Nikamjibu meno. Alikunja kamba zake taratibu, akasimama, akaondoka. Nikiwa bado nakoroga uji, soko zima lilikuwa limemfuata. Wengi wao hawakujua kusoma, na hawakuhitaji. Walisoma umbo la herufi kutoka ng'ambo ya barabara kama mnavyosoma ninyi uso wa mtu anayekuja kudai. Na siku niliyoleta Maboga, watoto walikimbia pembeni ya baiskeli tangu kilimani, kina mama wakaniletea togwa. Nasema kweli, kwa togwa niliyokunywa kwenye njia ile ningeweza kuogesha ng'ombe.

Halafu ikaja habari ya ndui.

Ilisemekana imeonekana upande wa pili wa mbuga, nyumba zimefungwa kwa miiba ili watu wasiingie. Dresa wa misheni, kijana mpole aliyejifunza kazi ya kufunga vidonda na kuchanja, alipewa dawa ya kuchanjia, akaagizwa aanzie Ihanja. Bwana Msimamizi, Mzungu mrefu mwenye ndevu za rangi ya nywele za mahindi, aliyekuwa mkuu wa kiwanda, akatupa tangazo la kuchapa. Lilikuwa jambo la serikali na la ugonjwa, kwa hiyo lilipangwa kwa Nyembamba. Nililipanga mimi mwenyewe. Nikalipeleka, nikalibandika kwenye duka, kwenye shule na kwenye nyumba ya jumbe.

Siku ya chanjo Dresa aliweka meza yake, akafungua kisanduku chake, akangoja mpaka jua likamhama. Walikuja jumbe na mke wa jumbe, kwa sababu ya cheo. Wengine wote waliingia porini na watoto wao.

Huko porini alikuwamo dada yangu Mariamu. Ndiye aliyenilea, na wakati huo alikuwa na mtoto mchanga, Helena, aliyekuwa anaanza kukaa. Jumapili iliyofuata nilipanda baiskeli nikaenda kwake. Nilimkuta anapepeta uwele, Helena yuko mgongoni. Nilimwamkia, akaitikia, nikaanza kumweleza habari za ndui kwa maneno yote niliyopewa na shule ya usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Karatasi ya meno ndiyo iliyomchukua shemeji yako," alisema.

Ilikuwa kweli. Wakati wa vita shemeji alisimama kusomewa karatasi kama ile, na hakurudi nyumbani siku hiyo. Alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, akarudi baada ya masika mawili akiwa nusu ya mtu, na tangu hapo alikuwa haupiti hata ukuta uliobandikwa kitu. Nikamwambia dada kwamba safari hii ni dawa, si mkonge.

"Na ile walisema ni baraza tu." Akapuliza makapi. "Hivi wewe ndiye unayezipanga hizo, mdogo wangu?"

Nikasema ndiyo, ndiyo kazi yangu.

"Basi siku utakayopanga kitu cha kunichekesha, nitakuja na mtoto. Kwa meno siji. Na usinitazame hivyo, kula uji."

Nilikula uji ule, na sikuwahi kula chakula kigumu kumeza kama hicho. Helena alinitazama juu ya bega la mama yake, akanicheka kwa ufizi mtupu. Njiani kurudi sikupiga kengele ya baiskeli hata mara moja, mimi niliyekuwa naipiga hata kwa mijusi.

Jumatatu tuliingia ofisini kwa Bwana Msimamizi, mimi na Dresa, Fundi Mkuu akitangulia kwa sababu ya umri. Tukaomba tangazo lichapwe upya kwa Maboga. Bwana Msimamizi aliondoa miwani. Alikuwa anaongea Kiswahili polepole, kila neno ameliosha kwanza.

"Hapana," alisema. "Mtu akiona Maboga anajua atacheka. Sitaki acheke njiani, kisha akifika alie. Akidanganywa mara moja, herufi hizi zitakuwa meno kama zile nyingine. Hapo nitawaitia nini?"

Dresa alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuangusha bunge, ikapotea yote, kwa sababu Mzungu yule alikuwa amesema kweli. Kweli hiyo niliijua kuliko yeye. Ndiyo niliyokuwa nikinywea togwa.

Fundi Mkuu akakohoa. "Bwana, huyu Ihanja ana dada yake kule, ana mtoto mchanga. Ameahidi kuja akichekeshwa."

"Basi achekeshwe akifika pia," nikasema mimi, kabla sijajua nasema nini. "Tusiwadanganye, Bwana. Tufanye sherehe ya kweli. Chai iwepo, mpira uwepo, ngoma iwepo, na chanjo iwepo, na yote yaandikwe."

Bwana Msimamizi alivuta ndevu zake za mahindi. Kisha akatoa sharti moja. Neno chanjo lisifichwe chini kwa herufi ndogo kama mtu anayeficha kidonda. Liwe juu ya yote, liwe kubwa kuliko mpira na chai, na liwe kwa Maboga. Anayekuja aje akijua.

Tukatoka ofisini tukiwa wakubwa kama nyumba, na mlangoni tu tukasinyaa. Fundi Mkuu alikuwa amekumbuka A.

Kasha la Maboga lilitengenezwa kwa watu wa lugha nyingine. Lilikuwa na E za kulishia mji, na A chache sana. Sisi lugha yetu inakula A kama nzige. Kwa kawaida tulikwepa kwa kuandika neno fupi, GULIO au SOKO, na mambo mengine tuliyaweka kwa herufi ndogo. Safari hii tulitaka CHANJO, na tulitaka LETENI WATOTO, na tulitaka IHANJA, na karatasi lazima ipigwe mara moja yote. A zilizokuwamo zilikuwa mbili, moja imetafunwa na mchwa mguu mmoja.

"Zinachongwa," alisema Fundi Mkuu. "Si ni mbao tu? Wewe umekulia kwenye mizinga na mipini."

Tulipata kipande cha mninga kilichobaki kilipotengenezwa kitanda cha Padri. Mninga si mbao ya herufi. Herufi huchongwa kwenye mbao iliyokatwa kwa kusimama, ili wino ukutane na ncha za nyuzi zake, na uso uwe laini kama kucha. Kipande chetu kilikuwa kimekatwa kwa kulala, kikawa kinabanduka kila nilipopinda kisu. Nikachora A ya zamani juu yake kwa penseli, kigeugeu, nikaanza. Fundi Mkuu alisimama nyuma yangu akihema.

"Pole pole. Usimpunguze tumbo. Boga bila tumbo ni njugu."

Nilimtii kupita kiasi. A yangu ya kwanza ilitoka na kitambi kuliko A zote zilizowahi kuumbwa. Ilikaa katikati ya wenzake kama jumbe kwenye foleni ya maji. Nikachonga ya pili na ya tatu, zikatoka na adabu kidogo. Tulizisugua kwa msasa, tukapima kimo chake kwa kipande cha kioo, maana herufi ikizidi wenzake kwa unene wa kucha tu inabeba wino wote. Tulipopiga prufu, yaani karatasi ya kwanza ya kujaribia, ile yenye kitambi ilitoka kwenye neno CHANJO, katikati kabisa. Nikataka kuibadilisha. Fundi Mkuu akanizuia mkono.

"Iache hapo. Hata mimi imenichekesha."

Nikabandika matangazo kuanzia Ikungi. Yule mzee wa kamba aliinua mkono kivulini kuyaangalia, hakukunja kitu. Kila mahali niliombwa nisome kwa sauti, nikasoma yote, na chanjo ilikuwa ya kwanza. Wengine walinuna kidogo waliposikia neno hilo. Lakini walirudi kutazama Maboga, kisha wakauliza kama chai itakuwa na sukari.

Siku ilipofika, mimi nilidhani watakuja watu wachache wa kutia moyo. Walikuja watu kana kwamba ardhi imepasuka. Walitoka Ikungi, walitoka Shelui, na nikiendelea kusimulia watatoka Kongo, kwa hiyo niishie hapo. Walivaa nguo za ngoma. Mzee mmoja alileta mbuzi watatu wa zawadi, akauliza bwana harusi yuko wapi, na alipoelezwa akasema basi mbuzi watarudi, yeye atabaki. Tulicheza mpira, wapiga chapa dhidi ya Ihanja. Golini alikuwa Fundi Mkuu, amevaa aproni yake ya wino, na nilizuia macho yangu kuhesabu mabao. Bwana Msimamizi alimimina chai kwa birika la kanisa, na kila aliyepewa alisikia kwanza kwake: "Chai ni yako. Dawa ni kwa mtoto. Unakubali?" Na wengi walikubali. Dresa alichanja mpaka mkono wake ukakataa kushika kijiko.

Dada yangu hakuwepo. Nilimtafuta kwenye foleni, nikamtafuta kwa wapiga ngoma. Jua likaanza kuegemea. Dresa akaniambia dawa iliyobaki haitalala, kwa joto lile kesho itakuwa maji tu.

Ndipo nilipomwona. Alikuwa amesimama nje kabisa, kwenye ua wa minyaa, na sijui alikuwa pale tangu lini. Helena alikuwa mgongoni. Nyuma yake alikuwa shemeji yangu, ameshika fimbo kwa mikono miwili, tayari kukimbia au kupiga. Kwenye nguzo ya ua palikuwa na tangazo letu, nililibandika mwenyewe, na mbuzi walikuwa wamekula pembe moja. Nikaenda taratibu, kama mtu anayesogelea njiwa. Niliamkia wote wawili. Dada alikuwa anaangalia karatasi.

Alinyoosha kidole katikati ya mstari wa juu. "Na huyu? Mbona ana tumbo hivi kuliko wenzake?"

"Huyo nimemchonga mimi."

"Wewe?"

"Kwa mninga wa kitanda cha Padri."

Alianza kwa mabega. Nilimwona anajizuia, anajizuia, kisha akacheka mpaka mtoto mgongoni akawa anapanda na kushuka. Shemeji akamtazama, akaitazama ile A, na mdomo wake, ambao tangu mkonge sikuwahi kuuona ukifunguka, ukasogea kidogo upande mmoja. Akashusha fimbo.

"Haya," alisema dada, akifuta macho na kanga. "Niliahidi. Mchukue kabla sijageuza mawazo. Na ukimliza, mdogo wangu, utamnyamazisha mwenyewe."

Alilia. Nikamnyamazisha mwenyewe, kwa kumpa kidole changu chenye wino anyonye.

Ndui iliingia baadaye katika vijiji viwili vitatu vya mbele, na watu walizika. Sitafanyia hilo utani. Kwa dada yangu haikupiga hodi.

Baada ya Uhuru nilihamishiwa Dodoma kwenye kiwanda kikubwa, nikawa Fundi Mkuu wa zamu, nikaamkiwa shikamoo na vijana niliowaita kwa vijiji vyao. Nilifanya kazi na mashine ambazo zilipanga mistari zenyewe. Niliwatumikia wasimamizi wanne, wengine wema, mmoja mwenye kelele. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani, nikarudi nayo Ihanja. Nyumbani ninayo hiyo saa, na juu yake, kwenye rafu, nimeiweka A yangu ya mninga. Kasha la Maboga lilikuwa limeliwa na mchwa siku nyingi, lakini mninga hawakuuweza.

Mkiniuliza kazi ya herufi nene za kuchekesha ni nini, nitawaambia niliyofundishwa na Mzungu wa ndevu za mahindi: usiziweke mbele ya jambo ambalo huna nia ya kulitimiza. Naziona siku hizi kwenye maduka, kwenye pakiti za biskuti, kwenye mabango ya mikopo. Kwenye biskuti sina neno.

Mwaka jana Helena aliozesha binti yake. Alikuja kwangu Ihanja kunionyesha kadi, mama mzima mwenye sauti ya mama yake, amevaa gauni lisilo na mikono. Alinikuta nimeishika A, naifuta vumbi. Akainama kuniamkia, kisha akaketi, akaichukua A, akaisogeza karibu na bega lake la kushoto. Pale kovu la chanjo bado lipo, la mviringo, nene pembeni, na kishimo kidogo katikati.

"Mjomba," alisema, "boga lako lingine hili hapa."

Nikavaa miwani, nikalitazama. Limechapwa vizuri, wala halikugeuzwa.